Zebaki inavukiza hata isipochomwa: mgandamizo wa mvuke unapimwaje, na namba yake isomwe vipi?

Mizani Nne (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu umetokana na ubishi niliokutana nao kwenye kundi moja la wachimbaji wadogo. Jamaa kauliza kama kuna ubaya kulala chumba kimoja na chupa ya zebaki ambayo kifuniko chake hakibani. Karibu wote wakamjibu kwamba zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, chumbani kwako kuna nyuzi 28, sasa itatokaje? Mmoja akabandika MSDS (karatasi ya taarifa za usalama wa kemikali), akazungushia duara sehemu ya 9: mgandamizo wa mvuke, 0.16 Pa (paskali) kwenye nyuzi 20. "Mnaona wenyewe, karibu na sifuri."

Namba ni sahihi. Kusoma ndiko kulikokosewa.

Kimiminika hakisubiri kuchemka ndipo kitoe mvuke. Nguo zinakauka kwenye kamba na hakuna aliyezichemsha. Ukikifungia kimiminika kwenye chombo kisicho na hewa, kwenye joto lisilobadilika, chembe zake zitaruka kutoka juu ya uso na nyingine zitarudi. Itafika mahali zinazotoka na zinazorudi zinalingana. Msukumo wa mvuke huo kwenye kuta za chombo ndio mgandamizo wa mvuke. Hautegemei ukubwa wa chombo wala wingi wa ulichomimina, mradi libaki hata tone. Unategemea ni kitu gani na kina joto kiasi gani, basi. Kuchemka ni pale mgandamizo huo unapoufikia ule wa hewa ya nje, ndiyo maana Nairobi maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi na Dar kwenye 100.

Sasa chukueni vitu viwili. Ethanoli, ile ya kwenye vitakasa mikono, kwenye nyuzi 20 ina takribani 5.9 kPa (kPa moja ni Pa 1,000). Zebaki ina 0.16 Pa. Kwa kupaa, ethanoli inaishinda zebaki zaidi ya mara 30,000. Lakini swali la usalama haliishii kwenye nani anapaa zaidi. Tunauliza hewa ikishashiba mvuke huo, imevuka kiwango kinachoruhusiwa mara ngapi?

Hewa iliyoshiba ethanoli ina sehemu kama 58,000 katika milioni. Kikomo cha kazini kinachotumika nchi nyingi ni 1,000. Imevuka mara 58. Hewa iliyoshiba zebaki ina miligramu 13 hivi kwa kila mita ya ujazo, na kikomo kinachotumika sana ni 0.025. Imevuka zaidi ya mara 500. Na hiyo ni kwenye nyuzi 20. Kwenye nyuzi 30, ambazo ndizo za kwetu, mgandamizo wa zebaki unafika 0.37 Pa na hewa inaweza kubeba karibu miligramu 30. Piga hesabu mwenyewe.

Niweke tahadhari kabla sijarushiwa mawe: hiyo ni hewa iliyoshiba, yaani dari. Chumba chenye madirisha hakifiki huko. Ila chumba kidogo kilichofungwa usiku kucha, zebaki ikiwa imemwagika kwenye nyufa za sakafu, hakihitaji kufika kwenye dari. Sehemu moja ya mia mbili tu ya dari hiyo inatosha kukuvusha kikomo.

Karibuni tujadili. Anayetaka kujua namba hizi zinapimwaje aulize, ndiyo kazi inayonilisha.

Mchenjuaji wa Makongolosi

Mkuu, mimi niko mwaloni, kwenye kuchenjua dhahabu, miaka mingi. Zebaki tunaichoma kwenye koleo, moshi mweupe unapita, tunakaa upande upepo unakotoka. Sijaona mtu akianguka. Kuna mzee hapa aliwahi kumeza zebaki kwa bahati mbaya, ikatoka yote haja kubwa na yupo hai. Sasa wewe unatutishia kwa 0.16. Nani alikaa akaipima hiyo 0.16, na kwa mizani gani? Maana hata dhahabu mizani zinatuibia.

Babu Kijiwe

Nakaa hapa na kahawa yangu. Mchenjuaji kauliza swali la akili kuliko alivyokusudia 😂

Mizani Nne

Mchenjuaji, nianze na mzee wako. Zebaki ya kimiminika ukiimeza, tumbo linachukua kiasi kidogo mno, karibu yote inapita. Mvuke wake ukiuvuta ni habari nyingine: karibu asilimia 80 inabaki mwilini, inaingia kwenye damu na kufika hadi kwenye ubongo. Hauangushi mtu palepale. Unaanza na mikono kutetemeka, hasira za haraka, kusahau, usingizi kupotea, figo kuchoka. Mtu akianza kutetemeka akiwa na miaka 45 watu wanasema ni pombe.

Nani aliipima? Mmoja wa waliofanya kazi ya kuheshimika ni Martin Knudsen wa Denmark, mwaka 1909. Chombo chake ukikiona unaweza kukidharau. Ni kijichombo kilichofungwa, chenye tundu dogo sana, ndani kuna zebaki, nje ni ombwe, yaani hewa imeondolewa. Tundu likiwa dogo kuliko umbali ambao chembe ya mvuke inasafiri kabla ya kugongana na nyingine, chembe zinatoka mojamoja, bila kusukumana. Ukijua eneo la tundu, muda, joto, na uzito uliopotea, hesabu inakupa mgandamizo. Anayepima hagusi mvuke kabisa. Anapima uzito na saa.

Na usidhani watu wamekubaliana kila kitu. Mwaka 2006 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilikusanya vipimo vya zebaki vya miaka mingi na kuvichambua upya. Kwenye joto la chumba jibu lao liko juu kidogo ya fomula nyingine iliyokuwa ikitumika sana maabara: moja inakupa 0.16, nyingine 0.17. Kwa anayerekebisha vifaa vya kupimia zebaki hewani, tofauti hiyo inauma. Kwa chumba chako cha kulala haibadilishi chochote.

Bi Rangi (Mombasa)

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa, nafanya kazi na viyeyushi vya rangi. Ndugu mleta uzi, hiyo ya tundu nimeielewa, lakini thina ukiiweka humo si itaisha kabla hujawasha saa? Sisi vitu vyetu vina shinikizo kubwa. Mnavipima vipi?

Mizani Nne

Umegusa penyewe Bi Rangi. Hakuna kifaa kimoja kinachopima vyote. Kutoka petroli hadi kiuatilifu kizito, namba zinatofautiana mara mabilioni. Mwongozo namba 104 wa OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri), ambao ndio maabara nyingi zinaufuata kwa tathmini ya usalama, una njia nane, na kila moja ina eneo lake.

Vyako vya Mombasa ni vya juu. Kuna njia ya kuchemsha: unakichemsha kimiminika chini ya mgandamizo unaoupanga mwenyewe kwa pampu, unasoma joto la mchemko, unabadilisha mgandamizo, unasoma tena. Inafanya kazi vizuri kuanzia kama 1,000 Pa hadi mgandamizo wa hewa ya kawaida. Kuna ile tuli: sampuli kwenye kijichombo, kijichombo ndani ya beseni la joto lisiloyumba, unasoma geji.

Ninayoipenda mimi ni isoteniskopu. Ni kioo kitupu, haina kiini cha umeme cha kukudanganya. Tunguri dogo lina sampuli, limeunganishwa na mrija wa umbo la U ambao nao una sampuli hiyohiyo. Upande wa pili unaingiza naitrojeni polepole hadi kimiminika kwenye mikono yote miwili ya U kisimame sawa. Kikisimama sawa, naitrojeni ya nje imelingana na mvuke wa ndani, unasoma manometa, yaani kipimo cha mgandamizo. Mvuke hauligusi geji, hivyo hata kitu kinachokula chuma unakipima.

Taabu yote iko kabla ya hapo, kwenye kutoa hewa. Kila kimiminika kina hewa iliyoyeyuka ndani yake, na hewa hiyo ikitoka inasukuma kuta kama mvuke unavyosukuma. Usipoiondoa, unapima hewa ya mjini halafu unaiandika jina la kemikali. Kwa hiyo unavuta pampu, unachemsha taratibu chini ya ombwe, unapoza, unasoma, unarudia, hadi masomo mawili yanayofuatana yafanane. Wengine wanagandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, wanavuta pampu, wanayeyusha, wanagandisha tena. Kazi ya kuchosha, na ndiyo inayotenganisha maabara na maabara.

Bi Rangi (Mombasa)

Na uchafu je? Maana kiyeyushi cha pipa si kile cha chupa ya maabara.

Mizani Nne

Uchafu mwepesi ni mbaya kuliko hewa, kwa sababu hauishi kwa kupampu mara moja. Chukua kitu kizito chenye mgandamizo wa 1 Pa, ndani yake kuna asilimia moja ya asetoni iliyobaki kutoka kiwandani. Asetoni safi ina karibu 25 kPa kwenye nyuzi 20. Hata hiyo asilimia moja inaweza kukuletea paskali mia kadhaa. Unadhani umepima kitu chako, kumbe umepima masalia ya asetoni. Ndiyo maana ripoti nzuri inaanza na usafi wa sampuli, na mimi ripoti isiyousema siisomi mara mbili.

Kuna njia ya kumkamata mwongo. Ukichora logi ya mgandamizo dhidi ya moja gawanya kwa joto la kelvini, kitu safi kinakupa mstari ulionyooka, au karibu na kunyooka. Ikiwa kuna hewa iliyobaki, upande wa baridi mstari unalala, haushuki kama unavyotakiwa. Ikiwa kitu kinaoza kwa joto, upande wa moto mstari unapinda kwenda juu, na ukipoza hadi ulipoanzia unakuta mgandamizo haujarudi ulipokuwa. OECD wanataka angalau joto mbili, na wanapendelea tatu au zaidi kati ya nyuzi 0 na 50. Ukiwa na nukta mbili tu, mstari utanyooka hata kama umekosea, nukta mbili hazijawahi kubishana.

Mwaka wa Pili

Samahani wakubwa. Sisi chuoni tumefundishwa mlinganyo wa Antoine, unaweka joto unapata jibu. Kwa nini watu wasumbuke na vioo wakati kuna programu zinazokadiria kutoka kwenye kiwango cha kuchemka?

Mizani Nne

Mdogo wangu, Antoine mwaka 1888 hakukupa jibu, alikupa umbo la jibu. Zile namba tatu, A, B na C, zimetoka kwenye vipimo vya mtu aliyekaa na beseni. Na kila seti ina mipaka yake ya joto. Ile maarufu ya maji imefungwa kati ya nyuzi 1 na 100. Ukiivusha hapo itakujibu bila aibu, ila usiiamini.

Makadirio yana nafasi yake. Kwa vitu vizito sana, chini ya 0.00001 Pa, makadirio yanakubalika kwa kazi nyingi. Sheria ya kemikali ya Ulaya, REACH, haidai kabisa kipimo hiki kwa kitu kinachoyeyuka juu ya nyuzi 300. Hakuna anayepima mvuke wa chokaa. Lakini katikati, kwenye viuatilifu na viyeyushi vizito, makadirio ya programu mbili yanaweza kupishana mara kumi. Mara kumi kwenye mgandamizo ni mara kumi kwenye anachokivuta mfanyakazi.

Huko katikati ndiko inakotumika njia ya kushibisha gesi. Unapaka kitu chako kwenye shanga ndogo za kioo, unazijaza kwenye mrija, unapitisha naitrojeni polepole katika joto lisiloyumba. Naitrojeni inatoka imeshiba mvuke, unaunasa kwenye mkaa au kifyonzi kingine, unapima kiasi kilichonaswa. Uzuri wake ni kwamba unapima kemikali yenyewe kwa jina lake, kwa hiyo uchafu mwepesi haukudanganyi sana. Mtego wake ni kasi: naitrojeni ikikimbia haishibi. Unabadilisha kasi ya mtiririko. Jibu likibaki lilelile, imeshiba kweli. Kwa kitu kizito unaweza kuiacha inapita siku nyingi ndipo upate cha kupima. Wateja hawapendi kusikia hivyo, wanataka majibu Ijumaa.

Helmeti Nyeupe

Nashukuru kwa uzi. Mimi ni afisa usalama kiwandani, Dar. Kero yangu ni hii: MSDS zinakuja na namba ya nyuzi 20 wakati ghala letu mchana linagonga 35, na kontena lililopigwa jua linapita 50. Kuna msambazaji mmoja, simtaji, ametuletea thina ambayo hapo kwenye mgandamizo wa mvuke pameandikwa "haihusiki". Thina! Nifanyeje?

Mizani Nne

Hiyo "haihusiki" rudisha. Sehemu ya 9 ya thina ikiwa hivyo, mwandishi amenakili fomu ya kitu kingine. Mwambie akupe viambato na asilimia zake. Kila kiambato kinachangia takriban kulingana na sehemu yake kwenye mchanganyiko. Si sahihi kabisa, lakini kwa viyeyushi vinavyofanana kinakaribia, na kitakwambia nani anatawala hewa ya ghala. Mara nyingi ni kile chepesi hata kama ni kidogo.

Kuhusu joto, usitumie ya nyuzi 20. Ethanoli kutoka 5.9 kPa kwenye nyuzi 20 inafika karibu 10.5 kwenye 30, 18 kwenye 40. Asetoni kwenye nyuzi 50 inapita 80 kPa, na inachemka kwenye 56. Pipa la asetoni ndani ya kontena la juani limebakiza hatua chache lichemke. Fungua kifuniko hicho kwa pupa uone.

Na angalia uhusiano na moto. Ethanoli inahitaji kama asilimia 3.3 hewani ndipo iwake. Asilimia 3.3 ya hewa ni karibu 3.3 kPa. Tafuta ni joto gani ethanoli inafikisha hapo: ni kama nyuzi 11. Kiwango chake cha kuwaka kilichopimwa, yaani joto la chini kabisa ambalo mvuke wake unaweza kushika moto, ni kama nyuzi 13. Namba mbili zilizopimwa kwa vifaa tofauti kabisa zinakutana. Kwa hiyo mtu akikupa MSDS ambayo mgandamizo na kiwango cha kuwaka havipatani, moja kati ya hizo ni ya kubuni.

Babu Kijiwe

Kwa hiyo gongo ya baridi Makete haiwaki ila ya Dar inawaka? Nauliza kwa niaba ya rafiki 😂

Mizani Nne

Babu, ya Makete asubuhi ya Juni inaweza kweli kuwa chini ya kiwango cha kuwaka, hasa ikiwa imejaa maji. Rafiki yako asijaribu kwa kiberiti.

Petroli ndiyo isiyo na utani. Kiwango chake cha kuwaka kiko kama nyuzi 40 chini ya sifuri, hakuna mahali Afrika Mashariki itapoa hivyo. Inapimwa kwa njia ya Reid: chumba cha hewa mara nne ya ujazo wa mafuta, joto nyuzi 37.8, unatikisa, unasoma. Viwango vya kiangazi vya Ulaya vinataka isizidi 60 kPa. Juu kabisa ya dimbwi la petroli hewa imejaa mvuke kupita kiasi, haiwaki vizuri. Pembeni, ambako mvuke umechanganyika na hewa hadi asilimia chache, ndiko moto unakoanzia, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini. Msamvu pale Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa kwenye lori la mafuta lililopinduka. Anayesimama mbali kidogo akiona hajakanyaga mafuta hajui amesimama kwenye mvuke.

Mkulima Mbozi

Mimi nina swali la mahindi. Vile vidonge vya ghalani, vya kijivu, vya alumini fosfaidi. Ni vigumu kama jiwe. Kwa hesabu zenu havina mvuke, sawa? Mbona tunakatazwa kulala navyo nyumba moja?

Mizani Nne

Swali bora kuliko yote hapa. Kidonge chenyewe hakina mvuke wa kuzungumzia. Ukikipeleka kwenye kipimo hiki utapata karibu sifuri na jibu litakuwa la kweli na la kuua. Kinachoua ni unyevu wa hewa unapokutana nacho: kinatoa fosfini, ambayo ni gesi, haina habari na kushiba wala kurudi kwenye kidonge. Kikomo cha kazini kilichozoeleka ni 0.3 katika milioni, na 50 katika milioni inahesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Gesi hiyo inapita kwenye mifuko, kwenye matundu ya ukuta, kwenye dari ya pamoja kati ya ghala na chumba cha watoto.

Mgandamizo wa mvuke unaulizia kitu kikibaki kilekile. Kikibadilika kikikutana na maji, hewa au asidi, lazima uulize mgandamizo wa kile kinachozaliwa. Tathmini inayosimama kwenye kidonge haijafika ghalani. Msilale navyo nyumba moja, hata kama ukuta unaonekana mzima.

Mchenjuaji wa Makongolosi

Haya mkuu, nimekuelewa, na chupa imeshatoka chumbani. Maswali mawili ya kazi. Nikiweka maji juu ya zebaki inasaidia? Na nikivaa barakoa ya kitambaa wakati wa kuchoma?

Mizani Nne

Maji yanasaidia kwa kuhifadhi. Mgandamizo wa zebaki haubadiliki, lakini mvuke unalazimika kupenya maji kwanza, na zebaki haiyeyuki kwenye maji ila kidogo mno, hivyo inatoka taratibu sana. Chombo kigumu, kifuniko kinachobana, maji juu, nje ya nyumba ya kulala, kivulini.

Barakoa ya kitambaa haifanyi lolote. Ile ni ya vumbi, mvuke unapita kama hakuna kitu. Barakoa inayozuia mvuke wa zebaki ina katriji ya mkaa uliotiwa salfa au iodini, imeandikwa wazi kuwa ni ya zebaki, na ina ukomo wa matumizi. Mkaa wa kawaida wa rangi na thina hautoshi. Ila kabla ya katriji, tafuta retoti: unachoma ndani ya chungu cha chuma kilichofungwa, mvuke unapita kwenye bomba linalopozwa kwa maji, zebaki inarudi kuwa kimiminika na unaitumia tena. Kwenye nyuzi 20 mvuke unaobaki ni ule wa 0.16 Pa, mwingine wote umeshuka kwenye chombo chako. Usiifungue ikiwa ya moto. Isubiri ipoe kabisa, kwa sababu kwenye nyuzi 100 zebaki ina zaidi ya paskali 30, na ukifungua hapo umerudi kwenye koleo.